Farasi watatu mtoni: hivi lile gari limekwama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwa babu kuna kalenda ya zamani ina picha ya farasi watatu wanavuta gari la mbao katikati ya mto, chini pameandikwa John Constable, The Hay Wain. Mimi siku zote najua gari limekwama, dada yangu anabisha, anasema wanapumzika tu. Na kama ni picha ya kazi za shamba mbona hakuna anayefanya kazi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Halijakwama, na dada yako kapatia nusu. Liangalie gari lenyewe, ni tupu, maana yake ndo kwanza linaenda kubeba majani makavu ya mifugo, hapo linavuka mto Stour pale Flatford, Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Picha ilipoonyeshwa London mwaka 1821 jina lake la kwanza lilikuwa Landscape: Noon, yaani mandhari ya saa sita mchana, kwahiyo jua ni kali, farasi wanapoza miguu, na yale magurudumu ni ya mbao yamefungwa ukanda wa chuma, sasa mbao ikikauka sana inasinyaa ukanda unalegea, ukiyaacha majini kidogo inavimba inabana tena. Hayo anayajua mtu aliyekulia palepale, na Constable, mchoraji mwenyewe, kakulia hapo, kinu cha kusaga nafaka cha Flatford kilikuwa cha baba yake.

Na hapo kwenye baba mwenye kinu ndo jibu la swali lako la pili lilipo. Wafanyakazi wapo, ila yeye mtoto wa mwenye kinu kawaweka mbali mno, kulia kabisa ng'ambo ya mto, vinukta vyeupe ndo mashati yao, wanakata majani na wengine wanapakia gari jingine. Kumbuka vita vya Uingereza na Napoleon wa Ufaransa viliisha 1815, bei ya ngano ikaanguka, askari wakarudi kazi hakuna, ujira wa vibarua ukawa mdogo kweli, mpaka 1822 vibarua wa Suffolk na Norfolk wakavunja mashine za kupuria nafaka. Kwenye picha hayo yote huyaoni, unaona mawingu mazuri, mbwa ukingoni, nyumba ya mkulima kushoto. Mimi hilo linaniuma kila nikiitazama, maana jasho la wale watu kaligeuza mandhari.

Ila farasi kawatendea haki, zile rangi nyekundu kwenye mito wanayovishwa shingoni ndo jicho linaanzia hapo kabla halijaenda popote, hata kabla ya wale jamaa wawili walioko garini.

Kwenye kalenda vibarua hutawaona vizuri, picha halisi ina upana wa karibu mita 1.85 na ipo National Gallery, London. Itafute mtandaoni, zuumu kona ya kulia, halafu muite na dada yako mhesabu wako wangapi.