Unajua lugha moja ya programu, ya klasi na obujekti. Ya pili uianzie wapi?

Ukiwa umeshaandika programu kwa miaka kadhaa, sura za mwanzo za mafunzo ya lugha mpya zipitie mbio. Masharti, mizunguko na namna ya kutangaza klasi (kiolezo cha kuundia obujekti) utavishika haraka. Hatari iko kwenye yale unayodhani unayajua tayari: alama ni ileile, tabia yake ni nyingine. Kompaila haitakuonya, maana ulichoandika ni halali, na programu itakwenda vizuri mpaka data halisi iingie.

Fungua faili moja la majaribio uanze na swali hili: nikiandika a = b, kinachonakiliwa ni nini? Katika Java na Python unapata majina mawili ya obujekti moja. Ukiongeza kitu kwenye orodha kupitia a, kitaonekana pia kupitia b. C++ hunakili obujekti yenyewe, na ukiiweka obujekti ya klasi mtoto (inayorithi nyingine) ndani ya kigeu cha klasi mzazi (inayorithiwa), sehemu ya mtoto hukatwa kimyakimya. Katika C# inategemea kama aina hiyo ilitangazwa kwa class au struct.

Swali la pili ni usawa, na hapa usiharakishe. Aliyezoea C# hulinganisha maneno kwa == na kupata jibu sahihi. Akifanya vivyo hivyo katika Java, analinganisha kama ni obujekti ileile, si kama herufi zinafanana. Alipaswa kutumia equals. Jaribu hili: tangaza Integer mbili, zote uzipe 127, kisha zilinganishe kwa ==. Jibu ni kweli. Badilisha ziwe 128, na kwa kawaida jibu litakuwa si kweli. Sababu ni kwamba Java huhifadhi obujekti za namba kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena. Ndiyo maana majaribio yenye namba ndogo hufaulu, kisha kosa likajitokeza kwa mtumiaji.

Usawa huenda sambamba na hash, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye obujekti ili itafutwe haraka. Katika Java ukiandika equals yako bila hashCode, HashMap (hifadhi ya funguo na thamani zake) inaweza kushindwa kupata ufunguo uliouweka mwenyewe dakika moja iliyopita, na hakuna kosa litakalotolewa. Python ni muungwana zaidi: ukiandika __eq__ bila __hash__, inakataa papo hapo kuiweka obujekti hiyo ndani ya set (mkusanyiko usio na marudio).

Kisha urithi. Katika Java methodi (kazi iliyo ndani ya klasi) ya kawaida ya obujekti inaweza kuandikwa upya na klasi mtoto usipoizuia kwa final au private. C# na C++ zinataka uandike virtual kwanza, na Kotlin hufunga hata klasi yenyewe mpaka useme open. Konstrakta (methodi inayoendeshwa obujekti inapoundwa) ya mzazi ikiita methodi ambayo mtoto ameiandika upya, Java huendesha ile ya mtoto kabla sehemu zake hazijajazwa, hivyo unakutana na null (kutokuwepo kwa obujekti) usiyoitarajia. C++ huendesha ya mzazi. Acha kabisa kuita methodi za namna hiyo ndani ya konstrakta, uwe katika lugha yoyote.

Kuhusu kufunga faili na miunganisho: anayetoka C++ amezoea kazi hiyo ifanyike yenyewe eneo la msimbo linapoisha. Katika Python tumia with, katika C# using, katika Java try yenye mabano.

Mazoezi? Chukua programu yako ya zamani, mistari 200 hadi 300, yenye klasi tatu au nne na inayosoma faili, uiandike upya. Kisha soma msimbo wa maktaba inayoheshimika katika lugha hiyo, na urudi kufuta mazoea uliyokuja nayo. Kwa mfano, anayetoka Java huijaza Python methodi za get na set kwa kila sehemu. Hazihitajiki: acha sehemu iwe wazi, na siku ukitaka kukagua thamani zinazoingia, igeuze kuwa property, yaani sehemu inayosomwa na kuandikwa kupitia methodi. Msimbo unaoitumia hautabadilika hata mstari mmoja.