Je, Wanawake wa Roma ya Kale Walipiga Kura?

SWALI: Mpendwa Mhariri, katika kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwenzetu alisema kwamba wanawake wa Roma ya kale walipiga kura sawa na waume zao, kwa kuwa Roma ilikuwa jamhuri. Baadhi yetu tulibisha, ila ushahidi hatukuwa nao. Tunaomba ufafanuzi. Msomaji, Temeke, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, mliobisha mlikuwa sahihi. Mwanamke wa Roma, hata akiwa raia huru mwenye mashamba na watumwa, hakupiga kura katika mabaraza ya raia wala hakushika cheo cha serikali.

Hata hivyo, kunyimwa kura hakukuwafunga midomo. Mwaka 195 KK walifurika barabara zinazoelekea Foro, uwanja mkuu wa siasa, wakidai ifutwe Sheria ya Oppius, iliyowakataza kumiliki dhahabu inayozidi nusu wakia na kuvaa nguo za rangi nyingi. Cato, mmoja wa viongozi wakuu wa Roma mwaka huo, aliwapinga vikali, lakini sheria ikafutwa, kwa kura za wanaume.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 42 KK, pale watawala watatu, Octavianus, Antonius na Lepidus, walipowatoza kodi ya vita wanawake matajiri 1,400. Wanawake hao walikwenda kwanza kwa akina mama wa familia za watawala. Dada yake Octavianus na mama yake Antonius waliwapokea vizuri, ila Fulvia, mke wa Antonius, akawafukuza mlangoni. Ndipo walipokwenda Foro, na Hortensia, binti wa msemaji mashuhuri, akawauliza watawala mbele ya umati kwa nini walipe kodi ilhali hawana sehemu katika vyeo, heshima wala uongozi wa majeshi. Kesho yake idadi ya waliotozwa ilipunguzwa hadi 400. Kwangu mimi, hakuna hoja iliyozidi hiyo kwa uzito.

Wanawake wa kawaida nao walikuwa na sauti. Sisi tuliozoea kuona kuta za Kariakoo zikijaa picha za wagombea tusingeshangaa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79 BK, ambako matangazo ya uchaguzi yalipakwa rangi ukutani. Tangazo moja linasema kwamba akina Asellina wanaomba achaguliwe Gaius Lollius Fuscus, na kwamba Zmyrina naye yumo. Wanawake hao walimpigia debe hadharani mgombea ambaye wao wenyewe hawakuruhusiwa kumpigia kura.