Barabara tulivu ina wenyewe: kwa anayeanza kuendesha baiskeli Kasese na Tooro

Wengi wanaonitafuta tuendeshe pamoja huanza na swali la baiskeli: ninunue ipi, iwe na gia ngapi, tairi za aina gani. Nitalijibu, ila kuna jambo linalotangulia. Njia isiyo na magari haimaanishi njia isiyo na watu. Huku magharibi mwa Uganda, kuanzia Kasese kupanda hadi Fort Portal na vijiji vya Tooro, ile barabara ya vumbi ambayo nusu saa nzima haipiti gari ndiyo njia ya mtoto aliyetumwa maji, ya mama mwenye kuni kichwani, ya mbuzi na ng'ombe, na ya mtu wa boda anayekata kona katikati kwa kuwa na yeye anajua gari halipo. Wote wameizoea kama ua wa nyumbani kwao. Wewe ndiye mgeni, tena mgeni asiye na mlio.

Hapo kwenye mlio ndipo wageni wengi huangukia. Pikipiki husikika kutoka mbali, lakini baiskeli iliyotunzwa na kutiwa mafuta haisikiki kabisa. Funga kengele, na usisubiri ufike mgongoni kwa mtu ndipo uipige, kwa sababu atashtuka na kuruka upande wowote, mara nyingi upande wako. Ipige ukiwa mita 30 hivi, halafu salimia. Kasese Kiswahili kinatosha, maana machimbo ya Kilembe na biashara ya mpakani Mpondwe vimewakutanisha watu wa makabila mengi. Ukiingia Tooro, "Oraire ota" ya asubuhi itakufaa kuliko kengele. Salamu hii si adabu tu. Aliyekujibu amekuona, na aliyekuona hatavuka mbele yako.

Kwa mifugo, mwangalie mbuzi lakini itazame zaidi kamba yake. Mbuzi akiwa ukingo huu na kigingi kikiwa ukingo ule, kamba imelala katikati ya njia, na rangi yake ni ile ile ya vumbi. Mbuzi akishtuka, kamba inanyanyuka hadi usawa wa gurudumu. Punguza mwendo, tafuta kigingi kilipo, upite upande ambao kamba haiwezi kufika. Ng'ombe ni rahisi zaidi: simama, shuka, mwache mchungaji awapitishe.

Kabla ya kutoka, uliza siku ya soko. Njia za maziwa ya volkeno kusini mwa Fort Portal, zile za Kasenda na Nkuruba, ni tulivu mno siku za kawaida. Siku ya soko la Rwaihamba ni habari nyingine: malori, pikipiki zenye abiria watatu, na baiskeli za wabeba matoke, yaani ndizi za kupika.

Hao wa matoke nataka uwaheshimu na ujifunze kwao. Baiskeli zao ni nzito, za gia moja, na mikungu imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu nyuma kwenye karia na ubavuni kote. Mlimani hawapandi, wanasukuma. Kabla ya mteremko mkali utamwona mwenye mzigo anasimama, anavuta kamba moja moja kuona kama zimelegea, anabana breki mara mbili tatu, ndipo anashuka. Fanya hivyo hivyo hata kama mzigo wako ni chupa ya maji tu. Na ukikutana naye yeye akishuka, toka njiani mapema. Uzito ule ukishashika kasi hausimamishiki kwa breki zile, na hana pa kukwepea.

Sasa barabara yenyewe. Udongo mwekundu ukiwa mkavu na umeshindiliwa, unapita juu yake vizuri karibu sawa na lami. Shida ni kokoto huru. Magari huacha mistari miwili iliyolainika, na katikati yake hujikusanya tuta la kokoto. Kaa ndani ya mstari. Ukitaka kuhama, hama ukiwa umenyooka, bila kubana breki wala kukata kona, kwa maana breki ya mbele ikikamatwa juu ya kokoto huku umelala upande, gurudumu linaondoka mara moja. Kazi yote ya breki imalize kabla ya kona. Mikono ilegee kidogo kwenye usukani na uzito uuhamishie kwenye miguu, hasa penye mawimbi yale madogo madogo ya barabara, vinginevyo mabega yatakuuma siku nzima.

Udongo huo ukilowa, simama. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi hudhani ni suala la nguvu. Tope hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka, na ukilazimisha utakata kitu. Kaa kibarazani kwa watu na uombe hifadhi. Mvua ya huku mara nyingi hupita, na jua likitoka sehemu ya juu hukauka haraka. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na wingu la Rwenzori hupenda kumwaga mchana. Kwa hiyo anza asubuhi, ila kumbuka huku magharibi jua huchomoza karibu saa moja. Ukitoka saa kumi na moja na nusu bado ni giza, na bila taa mbele na nyuma usithubutu. Mimi napenda niwe nimerudi kabla ya saa saba.

Nije kwenye baiskeli. Kwa lami pekee tairi za upana wa milimita 28 zinatosha. Kwa mchanganyiko wa lami na vumbi, chukua 38 au 40, na upunguze upepo kidogo unapoingia kwenye kokoto. Gia muhimu ni ile nyepesi kuliko zote: Kasese iko mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, Fort Portal mita 1,500 hivi, na kilomita 75 hivi zilizopo kati hazipandi kwa ustaarabu. Kofia ngumu ni lazima.

Mafundi wa vijijini ni hodari, lakini vifaa vyao ni vya baiskeli zao. Valvu nyembamba ya baiskeli za mbio haiingii kwenye pampu ya wengi wao, kwa hiyo beba adapta ya shaba; ni ndogo, inakaa hata ndani ya pochi. Tairi ya inchi 28 ya baiskeli ya mizigo nayo haiingii kwenye rimu ya 700c, ile ya baiskeli za mbio, ingawa kwa macho zinalingana: ya kwanza hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, ya pili 622. Beba tyubu mbili, viraka na pampu yako. Upande wa Kasese miiba ya migunga ni mingi. Ukipata pancha, usiweke tyubu mpya kabla hujapitisha vidole polepole ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba uliokatikia ndani hauonekani, unaguswa.

Maji, bogoya (ndizi mbivu) na chapati ya mayai utapata karibu kila senta, yaani penye maduka ya kijiji. Hilo lisikusumbue.

Pa kuanzia, nakushauri njia za mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku. Ni tambarare, mifereji pembeni, na utajifunza kokoto bila mteremko wa kukuogopesha. Kisha panda bonde la Kilembe. Baadaye nenda maziwa ya volkeno. Barabara ya Kasese kwenda Mbarara iache kwanza: inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo na nyati huvuka wanapotaka. Katika msitu wa Kibale usisimame kula, nyani wapo kando ya lami wakingoja. Na kwenye barabara kuu ya Hima, kati ya Kasese na Fort Portal, malori mawili yakielekea kupishana ulipo, toka kwenye lami mapema kabla hujasukumwa, kwa sababu ukingo umekatika sehemu nyingi na kushuka kwa ghafla huangusha.

Mteremko wa kutoka Fort Portal kwenda Karugutu na Bundibugyo uwe wa mwisho. Ni lami nzuri yenye kona nyingi, na chini yako unaona bonde la Semliki hadi Kongo. Kagua raba za breki ukiwa juu. Kamata na kuachia, mbele na nyuma kwa zamu, usiburute breki muda wote. Rimu ikipata moto sana tyubu hupasuka. Simama katikati ya mteremko, usogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa, na ukisikia joto ngoja lipoe. Kwa kurudi, pakia baiskeli juu ya teksi, yaani matatu. Joto la bonde lile mchana si la kupandia mlima.