Fundi, Mabomba Yangu Hayakutani Vizuri

SWALI: Habari fundi. Natengeneza fremu ya meza kwa mabomba ya duara ya milimita 25, unene milimita 1.5. Shida ni pale bomba moja linapokutana na lingine kama herufi T, nakata kwa grainda kwa kukadiria macho, mianya inabaki na nikichomelea yanatoboka. Nina grainda, tupa na drili, mashine ya kukatia midomo ya bomba sina. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hiyo kutoboka inaanzia kwenye mkato. Bomba la 1.5 ni jembamba, ukikaa unajaza mwanya moto unarundikana sehemu moja, ukingo unayeyuka na mwanya unazidi kupanuka.

Kwa kazi yako mashine si lazima. Mabomba yakiwa saizi moja na yanakutana digrii 90, mikato miwili iliyonyooka inatosha, unakata upande mmoja kwa digrii 30 hivi (ukihesabu kutoka mkato wa kawaida ulionyooka kukatiza bomba), unageuza bomba nusu mzunguko unakata upande wa pili, unabaki na ncha mbili zinazotazamana na hizo ndo zinakumbatia bomba lingine ubavuni. Wengi hukata 45, na kwa ukingo wa nje peke yake hesabu hiyo ni sahihi kabisa, ila bomba lina unene, ukingo wa ndani wa zile ncha unagonga kwanza na bomba linabaki limeinuka. Kwa 30 linakaa, halafu unamalizia na tupa ya nusu duara, unakula kidogo kidogo kwenye ncha na pale mikato inapoishia pembeni, unajaribisha, unakula tena, mpaka mwanga usipite.

Sasa vipimo, hapa ndo vyuma vingi vinaharibika. Usikate bomba kwa urefu wa nafasi iliyo wazi kati ya mabomba mawili, maana ncha zinapita ubavuni. Kwa saizi yako ongeza kama milimita 6.5 kila upande, yaani nafasi ya 600 kata bomba la 613, kutoka ncha hadi ncha. Na kabla ya kukata chochote lilaze bomba ndani ya kipande cha engo (kile chuma cha umbo la L), chora mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho ukifuata ukingo wa engo, ncha za pande zote mbili zipimwe kutoka mstari huo huo. Zikipishana kidogo tu fremu inajikunja na hata ukichomelea vizuri haitanyooka.

Kama maungio ni mengi, au yanakutana kwa mshazari, hapo tafuta holsoo ya baimeto (kile kikombe cha chuma chenye meno ya kutobolea matundu makubwa) yenye kipenyo sawa na bomba linalopokea, uifunge kwenye drili ya kusimama na bomba libanwe kwenye jiliwa. Mwendo uwe wa taratibu, weka oili, na usikandamize mwanzoni maana meno yanaingia upande mmoja na yanaweza kunasa. Kwa drili ya mkono bila kishikio mimi sikushauri hata kidogo, ikinasa inakuzungusha kifundo cha mkono.

Ipo pia njia ya karatasi, programu inakuchorea umbo, unaprinti kwa asilimia 100, unazungushia bomba, unachora na kukata kwa grainda. Kwa mshazari ni nzuri sana.

Mabomba yakiwa na zinki, isage itoke yote sehemu ya kuchomelea na ufanyie kazi penye hewa, moshi wake unaleta homa.