Ndege chozi amejenga kwenye waya wa taa barazani. Tukihamishe kiota?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Kuna ndege wawili wadogo wamehamia barazani kwetu. Dume ni mweusi mwenye kifua chekundu, jike ni wa kahawia tu. Jike amening'iniza kifuko cha majani makavu, nyuzi na vipande vya karatasi kwenye waya wa taa, na siku hizi anashinda humo ndani, unaona mdomo tu umechungulia. Dume naye tangu alfajiri anagonga kioo cha dirisha la sebuleni mpaka watoto wanaamka. Fundi rangi tumeshampa advansi, anaanza Jumatatu, na baraza imo. Mume wangu anataka kiota tukihamishie kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Mama mkwe anasema ndege anayebisha dirishani ana habari, tusimguse. Je, kiota kinahamishika? Na huyo wa dirishani ana nini? Naogopa pia kunguru, maana wamejaa mtaani kwetu.

JIBU: Dada yangu, kiota kisihamishwe. Nalitanguliza hilo kwa sababu Jumatatu iko karibu, na kwa maelezo yako humo ndani mna mayai tayari.

Hao ni chozi. Kwa huo wekundu wa kifua kwenye mwili mweusi, ninamtambua kuwa chozi kifua-chekundu, ambaye kitaalamu anaitwa Chalcomitra senegalensis. Jua likimpiga vizuri dume wako utaona utosi na kidevu vikimetameta kijani. Jike hana madoido hayo, na ni heri kwake, maana ndiye anayekaa kiotani na hapaswi kuonekana. Yeye ndiye anayejenga, na kuatamia mayai ni kazi yake peke yake. Dume hulinda eneo, na makinda wakishatoka hushiriki kuwaletea chakula.

Kabla ya kumpigia fundi simu, kitazame kiota chenyewe. Simama hatua nne au tano pembeni, asubuhi, usikiguse. Utaona mlango uko ubavuni, karibu na juu, na juu ya mlango pametokeza kipaa kidogo cha kuzuia mvua na jua. Kwa nje amebandika majani makavu, maganda ya miti na hizo karatasi ulizoziona. Mtu akipita haraka anadhani ni takataka iliyonaswa na upepo. Kilichoshika vyote hivyo pamoja, na kilichokishikiza kifuko kizima kwenye waya, ni tandabui. Chozi huzikusanya kwa mdomo na kuzizungusha safari baada ya safari. Utando wa buibui una nguvu na unavutika, kwa hiyo makinda wakikua na kuanza kusukumana, kifuko kinatanuka bila kuchanika. Nyumba inayofagiliwa tandabui zote kila wiki, ndani na nje, inamnyima chozi kamba ya kujengea. Pembe moja ya baraza ikibaki na buibui wake, hakuna aliyepungukiwa.

Sasa hatua waliyofikia. Hili unaweza kulijua bila ngazi na bila kuchungulia ndani. Ndege anayeingia na manyoya, sufi au nyuzi mdomoni bado anajenga. Anayeingia na kutulia muda mrefu, mdomo ukiwa umechomoza mlangoni, anaatamia. Anayeingia na kutoka kila mara, na mdomoni ana mdudu au buibui, ana makinda. Na kuna dalili moja ambayo watu wengi hawaijui: akitoka na kitu cheupe mdomoni, anafanya usafi. Kinyesi cha kinda hutoka kikiwa kimefungwa ndani ya utando laini, mzazi anakinyanyua na kwenda kukitupa mbali. Kwa hiyo usiwe na hofu kubwa ya sakafu kuchafuka.

Wako yuko kwenye hatua ya pili. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, na kuyaatamia huchukua takriban wiki mbili, siku 13 hadi 15. Makinda nao hukaa kiotani wiki mbili na nusu hivi, wakati mwingine hata tatu. Ukianza kuhesabu leo, weka wiki tano kuwa ndio mwisho wa yote. Kuna uwezekano mkubwa wakaondoka kabla ya hapo, kwa kuwa hujui alianza kuatamia lini. Andika tarehe ya leo kwenye kalenda ya ukutani, na siku utakayomwona wa kwanza akiingia na mdudu uiandike pia. Kuanzia hiyo siku ya mdudu, hesabu yako itakuwa ya uhakika zaidi kuliko yangu ya kukisia. Kumbukumbu za namna hiyo, nani alionekana wapi na mwezi gani, ndizo zilizojenga Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na nyingi zimetoka kwa watu wa kawaida waliotazama vizuri mazingira yao.

Nimweleze shemeji kwa nini mwembe haufai, kwa sababu wazo lake ni la huruma na ninaliheshimu. Jike anakirudia kiota kwa kukumbuka mahali kilipo. Ukikisogeza kutoka barazani hadi nyuma ya nyumba, atarudi kwenye waya uleule, ataruka hapo akihangaika, na mayai yatapoa huko mwembeni yeye asijue. Pili, mwembe wa Pwani mara nyingi una majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Kinda asiye na manyoya hana la kuwafanya. Tatu, chozi hakuja barazani kwa bahati mbaya. Amechagua mahali penye watu kupita, kwa sababu maadui wengi wa kiota, kama nyoka, huogopa kupasogelea. Ninyi wenyewe ndio ulinzi wake.

Watu wengi husema mtu akigusa kiota, ndege husikia harufu na kukisusa. Harufu si tatizo, ndege wengi hawategemei kunusa kwa kiasi hicho. Kinachomfanya akisuse ni usumbufu: watu kumsogelea mara kwa mara, tochi, simu ya kupigia picha inayoingizwa mlangoni. Hatari ni kubwa zaidi katika siku za mwanzo za kuatamia, anapokuwa bado hajawekeza sana. Kwa hiyo watoto wasikusanyike chini ya kiota. Wape kazi ya kutazama kutoka dirishani, wahesabu jike anatoka mara ngapi na anarudi baada ya muda gani. Watajifunza mengi.

Kuhusu fundi, advansi haijapotea. Mwambie aanze ndani ya nyumba, kisha kuta za nyuma na za pembeni, na baraza iwe ya mwisho kabisa. Ikiwa hana kazi nyingine ya kufanya na lazima aguse baraza, basi aache ukuta na dari vilivyo karibu na kiota, mita tatu au nne kila upande. Atumie rangi ya maji kwa brashi au rola, si ya kupuliza, na hapo barazani asitumie rangi ya mafuta wala thina, maana mvuke wake ni mkali na kifuko kina mlango mmoja tu. Afanye kazi vipindi vifupi, nusu saa kisha aondoke kabisa, jike apate nafasi ya kurudi. Mayai yanaweza kuvumilia mama akitoka kwenda kula. Fundi kusimama hapo asubuhi nzima ni jambo jingine.

Hiyo taa yenyewe isiwashwe usiku mpaka wamalize. Kama balbu ni ya zamani inayotoa joto, hilo peke yake ni sababu tosha. Na hata kama ni ya LED, mwanga huvuta wadudu, wadudu huvuta mijusi kafiri na popo, na jike hapati utulivu. Angalia pia kama kuna kiti, meza au pipa ambalo paka anaweza kulitumia kurukia, ulisogeze.

Wa dirishani ana sababu ya wazi. Wakati huu wa kuzaa dume anamfukuza dume mwingine yeyote anayeingia eneo lake, na kwenye kioo chako anamwona dume mwenye kifua chekundu anayekataa kuondoka. Kila akimshambulia, yule naye anamshambulia. Asubuhi ndipo hali huwa mbaya kwa sababu nje kuna mwanga na sebuleni bado giza, kwa hiyo kioo kinaakisi vizuri. Vile vioo vya tinted vya madirisha ya aluminiamu ndivyo vinavyosumbua kupita vyote. Kwa kawaida dume haumii sana, ila anapoteza muda na nguvu ambazo zingeenda kulinda eneo na kulisha makinda.

Kuvuta pazia hakusaidii. Pazia la rangi nzito hata linaongeza mwakisiko, kwa sababu linafanya ndani kuwe giza zaidi. Kioo kizibwe kwa nje. Bandika magazeti upande wa nje wa sehemu anayoigonga, au ning'iniza kanga kuukuu, au chukua sabuni ya mche uisugue kavu kwenye kioo mpaka kiwe na ukungu. Akikosa mpinzani siku kadhaa anaacha. Akihamia dirisha la pili, nalo lizibwe vivyo hivyo. Kama kuna gari uani, vioo vya pembeni vivalishe mifuko ya kitambaa linapoegeshwa.

Kugonga huku usikuchanganye na kule kwa ndege anayekuja kasi na kujibamiza. Huyo anakuwa ameona mti au anga ndani ya kioo akadhani ni njia, na wengi hufa hapo hapo au baadaye kwa kuvuja damu ndani ya kichwa. Dawa yake ni alama kwa nje ya kioo zilizokaribiana, nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya moja na nyingine, au wavu wa mbu uliofungwa upande wa nje. Stika moja ya katikati haifanyi kitu.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Neno lake la kutomgusa ndege ndilo hasa ninalokushauri, na kanga ya dirishani haimgusi.

Kunguru una haki ya kuwaogopa. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa hapa. Asili yao ni India na nchi jirani zake. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasaidie kuondoa takataka, na kufikia 1947 walishaonekana Mombasa. Wamesambaa Pwani yote, na mayai na makinda ya ndege wadogo ni chakula chao. Usiwachanganye na kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe, huyo ni wa kwetu. Kinachowaweka mtaani kwenu ni chakula: pipa lisilo na kifuniko, ukoko uliomwagwa uani, matumbo ya samaki. Funika pipa, osha samaki mahali ambapo utazoa mara moja, na wiki hizi tano wapeni kuku chakula watakachokimaliza. Sumu usitege. Kazi ya kupunguza kunguru kwa sumu ni ya wataalamu wenye kibali. Ukiweka ya kwako ataila paka wa jirani, kuku au mtoto.

Jambo hilo linanifikisha kwenye dawa za wadudu, ambazo hukuzitaja ila ninazihofia kuliko kunguru. Watu wakipaka rangi hupenda kumaliza kwa kupuliza dawa ya mende na mbu nyumba nzima. Chozi mkubwa anafyonza mbochi, yaani maji matamu ya maua, anapita kwenye ua la mgomba, mpapai dume na mshubiri, lakini makinda yake hukuzwa kwa buibui na wadudu laini. Ukipuliza barazani na kwenye maua ya bustanini, ama wanakosa chakula ama wanalishwa chenye dawa. Ahirisha mpaka watoke. Kama mende wa jikoni hawavumiliki, tumia chambo cha kuweka ndani ya kabati.

Huenda siku moja ukamkuta kinda chini. Kama hana manyoya, mshike taratibu umrudishe kiotani. Mama hatamkataa kwa sababu ya mkono wako. Kama ana manyoya na anarukaruka, amefikia umri wa kutoka. Muweke kwenye tawi paka asikofika, uondoke, wazazi wataendelea kumlisha. Usimpe maziwa wala mkate, usimtie maji mdomoni, yanaingia kwenye pafu. Na asitokee jirani wa kumtia kwenye tundu: kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata ndege wa porini na kumfuga kunataka kibali.

Makinda wakishatoka usikikate kifuko siku hiyohiyo. Kwa chozi wengi, watoto hurudi kulala humo usiku kadhaa. Pita jioni giza likianza kuingia, utazame kutoka mbali kama kuna anayeingia. Ukikaa jioni tatu nne mfululizo bila kumwona yeyote, mwite fundi amalizie baraza. Kama waya si mbovu, ningependa umwombe apake kwa kuzunguka kiota, kwa kuwa chozi huyu hukitumia tena kiota cha zamani au hujenga kingine palepale. Kama lazima kiondoke, kikate kwa mkasi, zima umeme kwanza kwenye swichi kuu.