Maswali na Majibu: Picha za Sura ya Mtu

Kila ninapompiga mtu picha kwa simu, pua yake huonekana kubwa kuliko ilivyo. Je, simu yangu ni mbovu?

Simu haina kosa, umemkaribia mno. Kutoka ncha ya pua hadi masikioni kuna takriban sentimita 12, kwa hiyo lenzi ikiwa sentimita 30 mbele ya pua, masikio huwa mbali zaidi kwa zaidi ya theluthi moja, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Rudi nyuma hadi mita 2, kisha uvute picha kwa lenzi ya mbali kama simu yako inayo. Ukaribu huo tuuhifadhi kwa ajili ya vichekesho, ambako unafaa sana.

Sina taa za studio, nina chumba chenye dirisha moja tu. Nifanyeje?

Dirisha moja linatosha, na mara nyingi hulishinda kundi la taa zilizowekwa ovyo. Zima kwanza taa ya darini, maana rangi yake hugombana na mwanga wa mchana. Mketishe mtu ubavuni mwa dirisha, halafu mwambie ageuze uso polepole huku wewe ukilitazama shavu lililo upande wa giza: itafika mahali ambapo kivuli cha pua kinakutana na kivuli cha shavu, na chini ya jicho inabaki pembetatu ndogo ya nuru. Asitikisike tena. Wapiga picha wameupa mwanga huo jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, kwa kuwa nuru ya namna hiyo inaonekana katika sura alizochora. Kivuli kikiwa kizito mno, simamisha kadibodi nyeupe upande wa pili ili irudishe mwanga. Ukitaka kiwe kizito zaidi, tundika kitambaa cheusi mahali pale pale. Jaribu pia kumsogeza: akiwa karibu na dirisha na mbali na ukuta, ukuta wa nyuma huzama gizani na uso hubaki peke yake.

Nina ngozi nyeusi, na nikipigwa picha mbele ya ukuta mweupe uso wangu hupotea.

Kamera hukadiria mwanga kwa kuangalia picha nzima, hivyo weupe wa ukuta huifanya ipunguze mwanga kupita kiasi. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha uongeze mwangaza kidogo. Wala usiufute mng'ao wote kwa poda, kwani mng'ao wa paji na mashavu ndio unaochora umbo la uso.

Ni lazima mtu aitazame kamera?

La. Akitazama kando, mwachie nafasi zaidi upande anaouelekea.

Watu hukakamaa mara tu ninapoinua kamera.

Usimwagize mtu atabasamu, kwa sababu atakupa tabasamu la kitambulisho. Mpiga picha Philippe Halsman aliwaomba watu mashuhuri waruke juu, wakiwamo Marilyn Monroe na Richard Nixon, akiamini kwamba anayeruka hushughulika na kuruka, akasahau kuitunza sura yake. Mimi humpa mtu kazi ndogo ya mikono, kama kufunga kifungo cha mkono wa shati, lakini sibonyezi anapokifunga. Nasubiri ainue macho kuniuliza kama imetosha.