Bibi Shamba Anajibu: Nyanya za F1, Maboga Yanayodondoka na Taa ya Buluu

Barua za safari hii zimejaa nyuki. Hata aliyeanza na maboga ameishia kwa nyuki. Zile ndefu nimezifupisha.

Shikamoo Bibi Shamba. Mwaka jana nilipanda nyanya chotara aina ya Assila, zikazaa hadi majirani wakaja kutazama. Nikakamua mbegu kwenye matunda mazuri. Msimu huu kila mti una tunda lake: marefu, ya mviringo, mengine laini hayafiki sokoni. Je, muuza pembejeo alinichezea? (Mkulima, Mvomero)

Marahaba. Hakukuchezea. Zile herufi F1 kwenye pakiti zinasema "kizazi cha kwanza". Wazalishaji wa mbegu huanza na koo mbili za nyanya, kila ukoo ukijichavusha wenyewe kizazi baada ya kizazi mpaka watoto wote wafanane. Kisha huzipandisha kwa mkono, ua kwa ua: wanang'oa sehemu za kiume za ua la ukoo mama kabla halijafunguka, halafu wanalipaka chavua ya ukoo baba. Ndiyo maana pakiti ni ghali. Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo hufanana kama mapacha na mara nyingi huwapita wazazi kwa nguvu na mavuno.

Mbegu ulizokamua wewe ni kizazi cha pili. Hapo tabia za mababu zinagawanywa upya na kila mbegu inaondoka na mgao wake. Waliofuga kuku chotara wa kroila wanalijua hili: ukiwaatamisha mayai ya kroila, vifaranga si kroila tena.

Ukitaka kukamua mbegu zako, panda Tanya, Tengeru 97, Cal J au Rio Grande. Hizo si chotara, na kwa kuwa nyanya hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, mtoto humfuata mama. Chagua mti, usichague tunda: mti uliokuwa na afya tangu kitalu, uliozaa vizuri na haukuguswa na mnyauko. Kamua matunda yake, acha mbegu zichachuke ndani ya maji yake siku 2 au 3, zioshe, kisha zianike kivulini juu ya sahani. Ukianika juu ya karatasi zitagandia.

Kama chotara inalipa? Inamlipa mwenye maji ya uhakika, samadi, vijiti na kamba, na mnunuzi anayejulikana. Anayemwagilia kwa ndoo na kusubiri mvua, ile bei ya pakiti ningemshauri aiweke kwenye samadi. Na wanaokuambia chotara ni GMO wapuuze. Hakuna jeni lililohamishwa maabara, ni chavua ya nyanya juu ya ua la nyanya. Mahindi chotara ya Kitale yamekuwa yakilimwa Kenya tangu miaka ya 1960.

Jambo moja tu: F1 ni herufi rahisi kuchapisha, na pakiti feki zipo. Tanzania tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Kenya kwangua stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa huko, utume namba zake kwenda 1393.

Bibi Shamba, maboga na matikiti yangu yanatoa vitunda vidogo, baada ya siku chache vinageuka njano na kudondoka. Nimeweka booster (mbolea ya majani) mara mbili. Dawa ya wadudu napiga kila wiki, saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali. Nyuki siku hizi siwaoni. (Mama wa watatu, Kibaha)

Mama, umeshajijibu kwenye sentensi mbili za mwisho. Booster haihusiki hapa.

Boga na tikiti hutoa maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Ua jike lina kitunda mgongoni, dume lina kikonyo kitupu. Kwa hiyo kitunda unachokiona kilikuwepo hata kabla ua halijachavushwa, na kuonekana kwake si dalili kwamba kazi imefanyika. Ua lisipopata chavua, kitunda kinageuka njano na kuanguka. Likipata kidogo, tunda linakua lakini limepinda. Pasua tikiti lililopinda uone: upande uliodumaa mbegu zake hazikujaa. Tikiti linataka nyuki watue kwenye ua moja mara nyingi, si mara moja, na ua lenyewe lina uhai wa siku moja tu. La boga hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshajifunga.

Saa 2 asubuhi basi ndiyo saa ya nyuki, nawe ndiyo unaingia na bomba mgongoni. Hamishia kazi hiyo jioni, kuanzia saa 12, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi nyumbani. Pia acha kupiga kwa kalenda. Piga ukiona mdudu.

Geuza chupa usome kiambata chake, yaani dawa yenyewe iliyomo. Kama ni imidacloprid, thiamethoxam au clothianidin, kubadili saa hakutoshi, kwa sababu dawa za kundi hilo huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye mbochi (maji matamu ya ua) na chavua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku hizo tatu kutumika mashamba ya wazi kwa ajili ya nyuki. Kwetu imidacloprid ni dawa ya kawaida ya dukani, na muuzaji hatakuambia chochote kuhusu maua. Mimi nisingeigusa kwenye boga lililoanza kuchanua.

Kwa sasa fanya kazi ya nyuki mwenyewe. Kabla ya saa 3 asubuhi chuma ua dume, bandua petali zake, lipake katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Na kama ulikuwa unafikiria tikiti lisilo na mbegu, jua kwamba chavua yake haizalishi. Lazima upande kando yake mistari ya tikiti la kawaida, na bado uwe na nyuki wa kubeba chavua kutoka huku kwenda kule. Kwa shamba lako la sasa ni hela ya kutupa.

Kwenye grupu letu la WhatsApp wamesambaza kwamba Einstein alisema nyuki wakiisha binadamu atabaki na miaka 4, na kwamba 5G ndiyo inawamaliza. Kuna ukweli? (Msomaji, Nakuru)

Einstein alifariki 1955, na hakuna andiko lake lililowahi kuonekana lenye maneno hayo. Yalizagaa sana kuanzia miaka ya 1990.

Habari ya simu ina chimbuko. Watafiti wa chuo cha Landau, Ujerumani, waliweka vitako vya simu za mezani zisizo na waya ndani ya mizinga, wakatazama nyuki wangapi wanarudi. Lilikuwa jaribio dogo na halikuhusu simu za mkononi. Mwaka 2007 magazeti ya Uingereza yakalibeba na kuandika kwamba simu za mkononi zinaua nyuki. Wakati huo 5G haikuwepo.

Lakini nyuki walipotea kweli, ndiyo maana habari ile ilipata wanunuzi. Mwishoni mwa 2006 David Hackenberg, mfugaji wa Pennsylvania aliyekuwa amepeleka mizinga yake Florida, aliikuta mitupu: malkia yupo, watoto wapo, asali ipo, vibarua hawapo. Wafugaji wengine wa Marekani wakasema nao wameona hivyo hivyo. Baada ya utafiti mwingi hakupatikana mchawi mmoja. Kulikuwa na utitiri wa varroa na virusi anaovibeba, dawa za mashambani, lishe ya zao moja kwa maelfu ya ekari, na safari za kuzungushwa kwa malori nchi nzima.

Varroa aligunduliwa Kenya mwaka 2009. Nyuki wetu wanaishi naye bila wafugaji kumwaga dawa mizingani, jambo ambalo mfugaji wa Ulaya analitamani. Kinachowaumiza wa kwetu ni mti uliokatwa kwa mkaa, moto wa warina asali, na lile bomba la saa 2 asubuhi nililomwambia mama wa Kibaha. Halafu tusichanganye kuhama na kufa. Nyuki wa Afrika huhama. Maua yakiisha au wakisumbuliwa, wanafunga safari kundi zima.

Idadi ya mizinga inayofugwa duniani kwa hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imepanda tangu 1961. Anayepungua kimyakimya ni nyuki wa porini asiye na mfugaji wa kumlilia. Marekani mwaka 2017 walimwingiza nyuki bambi mmoja, Bombus affinis, kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wa aina hii wana kazi nyuki wa asali asiyoiweza: ua la nyanya au bilinganya humwaga chavua vizuri likitikiswa kwa mtetemo wa misuli ya mbawa, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za dari yako ni mafundi wa kazi hiyo.

Nyuki wakiisha tusingekufa wote. Mahindi, ngano na mpunga havimhitaji nyuki, ndizi na muhogo tunapanda vipando. Ugali ungekuwepo. Ungetafuta mboga ya kulia nao, na parachichi ungelisahau.

Nimenunua taa ya buluu ya sola inayoua mbu, nikaitundika bustanini. Kila asubuhi trei imejaa wadudu, naridhika sana. Lakini mbu ndani wako palepale, na mipapai yangu imepungua kuzaa. (Baba Careen, Tabata)

Itazame vizuri hiyo trei, Baba Careen. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walichapisha hesabu ya waliouawa na taa za namna hii. Wadudu 13,789. Wanaouma binadamu walikuwa 31. Mbu jike anafuata pumzi na harufu ya mwili wako, mwanga wa buluu haumshughulishi.

Wanaojaza trei ni mende wa maua, nyigu wadogo wanaokula viwavi, na nondo. Utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba wachavushaji wakuu wa papai ni nondo wakubwa wanaoruka jioni, wale wanaoelea hewani mbele ya ua bila kutua. Sitaapa kwamba taa ndiyo iliyopunguza mapapai yako. Angalia kwanza kama kuna mpapai dume karibu, labda jirani ameukata. Na kama miti yako ni Red Lady yenye maua ya jinsia mbili, inajichavusha na haitajali sana. Taa lakini izime. Hela yake ingenunua chandarua.

Nimejaza uani maua chotara ya rangi zote, yale yenye petali nyingi kama waridi. Nyuki hawaji. Kwa nini? (Bi. Mwanaharusi, Mombasa)

Kwa sababu mlango umefungwa. Kwenye ua lenye petali nyingi kupita kiasi, mara nyingi zile sehemu za kutoa chavua ndizo zilizogeuzwa kuwa petali za ziada, na mbochi kama upo nyuki haufikii. Hata alizeti za kuuza kwa shada zimezalishwa zisiwe na chavua, zisichafue kitambaa cha meza. Baki nayo kama yanakufurahisha, ua halina lazima ya kulisha mtu. Ila achia mrehani na kivumbasi vichanue pembeni, na panda mlonge. Utawaona.

Kuna programu gani nzuri ya simu ya kutambua magonjwa ya mimea? Na kile kipimo cha udongo chenye vijiti viwili kinafaa? (Kijana wa Mbeya)

Kwa muhogo ipo Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Inatambua magonjwa ya batobato na michirizi kahawia, na inafanya kazi bila bando, kitu ambacho watengenezaji wengi wa programu hawakifikirii kabisa. Kutambua mmea wenyewe, jaribu Pl@ntNet ya Wafaransa. Nyingine zinazokupiga jina la ugonjwa kwa kila picha sina imani nazo. Jani la njano linaweza kuwa njaa ya nitrojeni, maji yaliyotuama, virusi au uzee tu, na kamera haiwezi kuchimba mizizi. Tahadhari zaidi ni ile inayotaja ugonjwa na papo hapo kukuuzia dawa.

Kipimo cha vijiti viwili kitakuambia udongo umelowa au umekauka. Kidole chako pia. Kuhusu pH, yaani uchachu wa udongo, usikiamini. Peleka sampuli kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kule Tanga au chuo cha kilimo cha SUA Morogoro. Wa Kenya wana kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kabete.

Nafuga nyuki, mizinga 6. Nimeona mizinga ya kisasa yenye vifaa vya kutuma uzito na joto kwenye simu. Ninunue? (Mfugaji, Sikonge)

Usinunue. Kwa mwenye mizinga mia mbili porini, mwendo wa siku nzima, kujua uzito umepanda kunamwokolea mafuta ya pikipiki. Wewe wa mizinga 6 nenda ukaitazame. Ukiwa na wasiwasi weka sikio ubavuni, na uangalie kama wanaoingia wamebeba chavua miguuni: wakibeba, malkia anataga. Kifaa kitakutumia ujumbe kwamba joto limeshuka kutoka nyuzi 35, maana yake nyuki wameshahama, na hakina namna ya kuwarudisha.

Hela hiyo nunua vazi zima lisilo na tundu na bomba la moshi, ili uache kurina kwa mwenge. Mizinga itundike kwa waya, usawa wa kiuno, mbali na shina ambalo nyegere anaweza kupandia, na waya uupake grisi dhidi ya siafu. Grisi ikianza kushika vumbi, paka upya.